Northrend Itarudi Vipi? Maswali na Majibu kuhusu The Last Titan

Tangu jina la The Last Titan litajwe, wapenzi wa mchezo wa World of Warcraft hawajaacha kuchora ramani mpya za bara la Northrend na kubishana juu ya nani atakuwa adui na nani alidanganya. Haya ndiyo maswali yanayojirudia zaidi, na majibu yangu.

Kabla ya kukisia, ni nini kilichothibitishwa?

Ni machache kuliko watu wanavyodhani. Novemba 2023, kwenye BlizzCon, kongamano la Blizzard wanaotengeneza mchezo huo, huko Anaheim, Chris Metzen, mmoja wa viongozi wao wa ubunifu, alipanda jukwaani akatangaza nyongeza tatu kwa mpigo, zote zikibeba simulizi moja: The War Within, iliyotoka Agosti 2024, kisha Midnight, na mwisho The Last Titan. Kuhusu hii ya tatu tuliambiwa tunarudi Northrend na kwenye ngome ya Ulduar, kwamba Matitani, walioitengeneza dunia ya Azeroth, wanarejea, na kwamba ipo njama itakayotufanya tuitilie shaka historia nzima ya dunia hiyo. Basi. Mengine yote, kuanzia orodha za majimbo hadi jina la adui wa mwisho, tumeyapika wenyewe.

Northrend yote itajengwa upya?

Sidhani. Wanaoamini hivyo hutaja Quel'Thalas, nchi ya ma-elf iliyotengenezwa mwaka 2007 ikiwa imetengwa na bara: ili uingie ulisubiri ramani nyingine ifunguke, na ukishaingia kuruka kulikuwa marufuku. Midnight imeifumua na kuisuka upya. Kwa nini basi Northrend isitendewe hivyo?

Kwa sababu haina kasoro hiyo. Northrend ilipotoka na Wrath of the Lich King mwaka 2008 ilikuwa tayari bara la kurukwa. Storm Peaks na Icecrown zilichorwa kwa ajili ya mtu aliye angani, na zina sehemu ambazo kwa miguu hufiki. Shida yake ni udogo. Nyongeza ya Dragonflight ya 2022 ilituletea kuruka kwa kasi inayozidi mara mbili ile ya zamani, na bara lililokuwa likionekana halina mwisho sasa linavukwa kwa dakika chache. Ukiliacha na vipimo vilevile, mchezaji atalimaliza kabla hajaanza kulishangaa.

Kisha kuna hesabu ya kazi, ambayo wachora ramani wengi huiruka. Dragonflight ilianza na majimbo manne, The War Within manne pia. Northrend ina kumi, ukihesabu Wintergrasp na msitu wa Crystalsong. Blizzard waliwahi kuibomoa dunia ya zamani kwa wingi mara moja, katika Cataclysm ya 2010, na gharama yake tuliiona: nguvu nyingi zilikwenda kwenye safari za wachezaji wa ngazi za chini, huku wale wa juu wakipata majimbo matano yaliyotawanyika pembe zote za dunia. Sioni wakirudia.

Kwa hiyo dau langu ni hili: Storm Peaks itapanuliwa sana, maana ndiko iliko Ulduar, Icecrown na Dragonblight zina nafasi nzuri, Borean Tundra na Grizzly Hills zitabaki zilivyo. Na Grizzly Hills naomba kabisa wasiiguse. Wapo watu wanaoingia kule kusikiliza muziki tu, hawaui hata dubu mmoja.

Na hadithi za zamani za Arthas, yule Lich King mwenyewe, zitafutwa?

Hapana. Kwa miaka sasa mchezo una mhusika aitwaye Zidormi, ambaye kazi yake ni kukurudisha kwenye sura ya zamani ya jimbo lililobadilika. Yuko Silithus, yuko Darkshore. Atapata kazi Northrend pia.

Azjol-Nerub, ufalme wa chini ya ardhi, hatimaye utafunguliwa?

Hilo ni deni la tangu 2008. Wachezaji walitarajia jimbo zima chini ya barafu, mji wa Nerubian, viumbe wa umbo la buibui. Wakapewa dungeon mbili tu za kupita haraka. Natamani kuliona kama mwingine yeyote. Ila The War Within imetupa Azj-Kahet, ufalme mkubwa wa Nerubian hao hao, na sina hakika kama wabunifu watatuingiza kwenye utando tena baada ya nyongeza moja tu. Njia fupi ya kupitia chini kwa chini, labda. Jimbo zima, hapana.

Matitani ni wema au wabaya?

Hapa ndipo kwenye utamu, na nadhani ndipo njama iliyotajwa ilipofichwa. Vitabu vya Chronicle, vilivyoanza kutoka mwaka 2016, vilitusimulia kwamba Matitani waliikuta Azeroth imeshikwa na Miungu wa Kale, wakaitakasa na kuiwekea walinzi. Wengi tuliyapokea hayo kama historia. Baadaye waandishi wa mchezo wakasema masimulizi yale ni ya mtazamo wa Matitani. Mwenye ushindi ndiye aliyeshika kalamu.

Lakini dalili zilikuwepo kitambo. Mwaka 2009, ndani ya Ulduar, tulipambana na Algalon. Hakuwa mwovu, alikuwa mkaguzi. Alikuja kuipima dunia, na kama angeiona imeharibika, uhai wote ungefutwa uanzishwe upya. Mwaka uliofuata, huko Uldum, tukaikuta mashine ya kufanyia kazi hiyo. Ukiyaweka hayo pamoja huhitaji tetesi yoyote: walioitengeneza dunia waliacha na namna ya kuifuta, na sisi tulio juu yake hatukuulizwa. Halafu The War Within ikatuonyesha Earthen, watu wa mawe waliotengenezwa kwa amri za Matitani, wamegawanyika kati ya wanaozitii na waliozikataa. Simulizi haiweki mgawanyiko wa namna hiyo mapema bila kukusudia kuurudia kwa ukubwa.

Lakini siamini watageuzwa mashetani. Hilo lingekuwa rahisi mno. Nawaona zaidi kama wenye nyumba wanaorudi baada ya miaka mingi na kukuta wapangaji wamezaa na kujukuu.

Titani wa mwisho ni nani?

Azeroth yenyewe. Moyoni mwa dunia hiyo imelala roho ya Titani ambaye hajazaliwa, na simulizi yote ya nyongeza hizi tatu inaizunguka roho hiyo. Wapo wanaomtetea Sargeras, Titani aliyeasi, wengine Aman'Thul, mkuu wa Matitani. Hao watakuwemo, lakini swali zito ni kama Azeroth akiamka atakubaliana na waliojiita walezi wake.

Icecrown ina nini tena, ikiwa Lich King hayupo?

Ina kazi ambayo haikumalizwa. Mwaka 2020 mhusika Sylvanas alilivunja taji lililokuwa likiwaongoza wafu wa Scourge, na anga juu ya ngome ikapasuka. Tukaondoka kwenda Shadowlands, nchi ya wafu, tukarudi, tukaenda kwingine. Jeshi zima la wafu limebaki bila bwana, jirani kabisa na Ulduar. Ningekuwa mwandishi wa mchezo, nisingeiacha nafasi hiyo ipite.

Ramani zinazosemekana zimevuja niziamini?

Nyingi, usiziamini. Orodha ya uongo ina tabia moja: inampa kila mtu anachokitaka. Ukweli mara nyingi ndio unaochekwa. Mwaka 2011 jina la Mists of Pandaria lilionekana kwenye maombi ya alama ya biashara, na wengi wakasema haiwezekani, kwa kuwa watu wa umbo la panda walikuwa utani wa Aprili Mosi. Oktoba mwaka huo huo likatangazwa jukwaani.

Illidan je?

Mwindaji huyo wa mashetani alibaki kumlinda Sargeras gerezani mwaka 2017. Wakimgusa mfungwa, itawabidi wamgonge na mlinzi mlangoni.