Kopo la Shubiri Baada ya Matanga

Wakati wa matanga nyumba hujaa watu. Chai inachemka, majirani wanalala sebuleni, wanajumuiya wanakuja kusali. Taabu huanza wanapoondoka. Mfiwa anaamka saa kumi alfajiri kama alivyozoea, ili amgeuze mgonjwa wake, na kitanda ni kitupu. Mikono iliyozoea kuhudumia haina la kufanya.

Kwa watu wa namna hii napenda kushauri jambo dogo: wapande shubiri kwenye kopo.

Kwa nini shubiri, na si mchicha au waridi? Mwenye majonzi hana nguvu. Kuna siku hata kuoga humshinda. Mchicha ukiachwa siku tatu juani hunyauka, naye atajiona kama amepoteza tena. Lakini shubiri, na mimea mingine ya majani manene, huweka akiba ya maji majanini. Vitundu vyake vya kupumulia hufungwa mchana na kufunguliwa usiku penye ubaridi, ili maji yasipotee. Wiki mbili bila kuangaliwa si kitu kwake.

Chukua kopo la maziwa ya unga, toboa matundu chini kwa msumari. Changanya udongo na mchanga wa mtoni, nusu kwa nusu. Ng'oa kichipukizi kilichoota ubavuni mwa shubiri kubwa. Kikijeruhiwa, kiache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, ndipo upande. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole. Udongo ukiwa bado na unyevu, acha.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mama mmoja mjane aliniletea kopo lake, majani yameoza, laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Alikuwa akimwagilia asubuhi na jioni, saa zile zile alizokuwa akimpa marehemu dawa. Tulipekua tukapata kichipukizi kimoja kizima, tukakipanda upya. Nikamwambia amwagilie Jumamosi moja, aruke inayofuata. Baadaye alinieleza kuwa kazi ngumu ilikuwa ile Jumamosi ya kuruka.

Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi: saa hii anamlilia marehemu, saa nyingine anashughulikia maisha, na kwamba huko kwenda na kurudi humsaidia. Basi, jirani, ukimkuta anapanga makopo yake barazani, usiseme amesahau mapema. Na ukimkuta analia juu ya kopo, mwache alie.

Tahadhari kidogo kwa wenye watoto. Utomvu wa mnyaa huunguza macho, usiuweke barazani. Utomvu wa njano wa shubiri huharisha sana. Mama mjamzito asiunywe.

Tena, kopo si matibabu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza majonzi yaliyopita kiasi katika orodha yake ya magonjwa. Miezi sita ikipita na mtu bado hawezi kula, kulala wala kufanya kazi kwa sababu ya majonzi, aende zahanati akaeleze. Akianza kusema anatamani kumfuata marehemu, msingoje miezi wala siku. Mpelekeni siku hiyo hiyo, na mmoja wenu abaki naye.