Kasha la Maiti

Imekuwa ada katika miji yetu ya pwani kwamba maiti akiisha kuzikwa, hata matanga hayajaondoka, kasha lake hufunguliwa. Kanzu hupewa huyu, kofia yule, na saa huchukuliwa na aliyetangulia kuiona. Na yote huitwa sadaka. Katika nyumba nyingine mambo huwa kinyume: mjane hulifunga kasha, akauficha ufunguo, na mwaka ukapita hapana athubutuye kuuliza. Wale hatuwapi udhuru. Huyu twamwonea huruma, kwani hakushika mali, ameshika harufu ya mtu wake.

Huzuni hiyo si upungufu wa imani. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra (624), Bibi Zaynab alipeleka mali kumkomboa mumewe, Abul-Aas, aliyekuwa mateka, na ndani yake mlikuwa na kidani alichopewa na mamake, Bibi Khadija, alipoolewa. Mtume (S.A.W.) alipokiona kidani cha mkewe marehemu, moyo wake ulilainika mno. Abu Daud ameipokea habari hii kwa Bibi Aisha. Lakini natutazame alilolifanya. Hakukichukua. Aliwauliza Masahaba kama wataona vyema kumwachia mateka na kumrudishia Zaynab mali yake, nao wakaridhia. Fidia ile ilikuwa haki ya wengine. Mapenzi yake yalingoja ridhaa yao.

Basi vitu vya maiti ni vya nani? Kwanza hutolewa gharama za sanda na maziko, kisha deni, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha warithi, kila mtu kwa fungu lake. Mjane ana thumuni ikiwa marehemu ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha. Kanzu nayo imo. Warithi wakubwa wakiridhiana kutoa nguo sadaka, ni kheri kwao. Bali akiwamo mtoto mdogo, fungu lake halitolewi na mtu, hata mamake. Na onyo la Suratun-Nisaa juu ya walao mali ya mayatima kwa dhulma ni kali. Atakaye kubaki na kofia ya babake na ihesabiwe thamani yake katika fungu lake, au awaombe nduguze. Kuomba huko si aibu.

Hatusemi kasha lifunguliwe siku ya tatu. Deni halingoji, wala chakula cha mayatima. Lakini mjane yu katika eda miezi 4 na siku 10, na kofia na tasbihi zaweza kungoja mkono wake upate nguvu, maadamu kilichomo kimeandikwa na warithi wote wakijua.

Na siku hizi liko kasha jingine, dogo, litiwalo mfukoni: simu ya marehemu. Sauti yake imo, na picha zake, nazo ni faraja. Lakini zimo pia fedha za M-Pesa, na habari za aliowadai na waliomdai. Mwana ajuaye namba ya siri akazitoa usiku wa msiba, hata kwa kununua mchele wa matanga, ametumia mali ya warithi wote pasi na ridhaa yao. Fedha hizo ziachwe mahali pake mpaka wakutane, wala simu isifutwe kabla ya madeni kuandikwa.