Akiba Yetu ya Uzeeni: Imewekwa Wapi, na Inafanya Kazi Gani?



Somo la leo linahusu jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka siku ile tunapokabidhiwa barua ya kustaafu, yaani akiba ya uzeeni. Kila mwezi sehemu ya mshahara hukatwa kabla hatujaigusa. Tunajua imekatwa, maana imeandikwa kwenye karatasi ya mshahara. Tusilolijua ni mahali inapokwenda, na kazi inayofanya huko kwa miaka 20 au 30 tunayoingojea.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wanachama wa Gitega na Muyinga, lakini matawi mengine pia yaweza kulitumia. Lisomwe kwa sauti katika kikundi, na msomaji atue kila mwisho wa sehemu ili wenzake waulize.

1. Pensheni si sadaka

Wapo wanaodhani kwamba pensheni ni zawadi ya Serikali au hisani ya mwajiri. Sivyo. Pensheni ni ujira wetu ulioahirishwa. Sehemu inayokatwa kwetu ni jasho letu, na sehemu anayotoa mwajiri nayo ni malipo ya kazi tuliyomfanyia. Tofauti ni kwamba ujira huu hatulipwi leo. Tutalipwa nguvu zitakapokuwa zimetuishia.

Hapa Burundi, Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ambayo sote tunaifahamu kwa jina la INSS, ilianzishwa mwaka 1962, mwaka uleule wa uhuru. Utaratibu wake ni wa pande tatu: katika baraza la uongozi wanakaa wajumbe wa Serikali, wa waajiri na wa wafanyakazi. Tukumbuke jambo hilo, maana tutalirudia. Mfanyakazi wa kawaida hana njia ya kuihamisha akiba yake peke yake kutoka hapa kuipeleka pale. Mdomo wake ni mjumbe wake.

2. Fedha hailali

Fedha ya pensheni haifungwi katika sanduku. Hazina za pensheni za nchi zetu huweka fedha katika mambo manne hasa: amana za benki, hati za deni la Serikali, hisa za makampuni, na ardhi na majengo. Kila moja kati ya hayo ni kazi inayofanyika mahali fulani. Amana iliyowekwa benki hukopeshwa mfanyabiashara. Huyo aweza kuwa anasindika kahawa, na aweza pia kuwa anakata msitu wa kilima kizima ili achome matofali. Jengo hujengwa na vibarua, wakalipwa vizuri au wakapunjwa.

Kwa hiyo mtu aweza kukatwa mshahara wake huku Gitega kwa ajili ya uzee wake, na fedha hiyohiyo ikatumika kuharibu chemchemi atakayoihitaji akiwa mzee. Hilo ndilo kiini cha somo letu.

Kabla ya kwenda mbele, tufanye hesabu ndogo. Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli, lakini bei huitafuna. Tuseme hazina ina faranga 100,000 za mfanyakazi, nayo imezizalisha kwa asilimia 10 kwa mwaka. Mwisho wa mwaka zipo 110,000. Lakini ikiwa bei za vitu zimepanda kwa asilimia 20, mzigo wa maharagwe na mafuta ulionunuliwa kwa 100,000 sasa unataka 120,000. Daftari linaonyesha faida ya 10,000, ilhali sokoni mfanyakazi amepungukiwa 10,000. Katika Burundi mwaka 2023 kupanda kwa bei kulipita asilimia 20. Basi tunapodai uwekezaji ulio safi, tusisahau kwamba wajibu wa kwanza wa hazina ni kumlipa mzee pensheni inayonunua chakula. Uwekezaji unaoitwa safi, kisha ukamwacha mstaafu na njaa, hauna usafi wowote.

3. Wafanyakazi walikwisha kuuliza swali hili

Swali hili si geni. Katika miaka ya 1970 na 1980 wafanyakazi na wanafunzi wa Marekani na Ulaya walitaka hazina za pensheni na za vyuo zitoe fedha zao katika makampuni yaliyofanya biashara na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Waliambiwa kwamba siasa isichanganywe na fedha. Wakajibu kwamba fedha ile ilikuwa tayari imo katika siasa, maana ilikuwa inawalisha wakandamizaji. Mwaka 1986 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuondoa fedha za pensheni za watumishi wake katika makampuni hayo. Utawala ule haukuangushwa na jambo hilo peke yake, kwani walioubeba mzigo mzito ni wananchi wa Afrika Kusini wenyewe. Hata hivyo mlango mmoja wa fedha ulifungwa.

Yatupasa kujifunza pia pale waliposhindwa. Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wajumbe wa chama cha wachimba makaa ya mawe katika hazina yao ya pensheni, wakiongozwa na Arthur Scargill, walikataa mpango wa kuweka fedha nchi za nje na katika mafuta na gesi zilizoshindana na makaa yao. Kesi ilikwenda mahakamani, nao wakashindwa. Mahakama ilisema mdhamini lazima atazame kwanza maslahi ya kifedha ya watakaolipwa, si msimamo wake yeye.

Tangu siku hizo mambo yamesogea. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa uliunga mkono kanuni za uwekezaji wenye kuwajibika, na sasa hazina nyingi zinakubali kwamba uharibifu wa mazingira wenyewe ni hatari ya kifedha. Kiwanda kinachochafua mto chaweza kufungwa, na bwawa la umeme lililojaa udongo wa mmomonyoko halizalishi. Funzo ni hili: mjumbe wetu asiingie barazani na hasira tupu. Aingie na hesabu.

4. Tuwatazame majirani

Tukivuka mpaka wa Kobero tunaingia Tanzania. Huko kuna mifano miwili ya hazina moja, NSSF, na yote miwili iko Kigamboni, Dar es Salaam.

Wa kwanza ni daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016. Hazina ilichangia asilimia 60 ya gharama na Serikali asilimia 40. Watu waliokuwa wakingoja kivuko sasa wanapita, na fedha inarudi kwa tozo.

Wa pili ni mradi wa nyumba ulioitwa Dege Eco Village, uliokusudiwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000. Neno hilo "Eco" maana yake ni kwamba mradi unajali mazingira. Ujenzi ulisimama mwaka 2016, na kwa miaka mingi maghorofa yalibaki bila mtu, yakipigwa na mvua na upepo wa bahari. Jina la kijani halikumsaidia mwanachama hata senti moja.

Uganda nako, mwaka 2008, hazina ya NSSF ya nchi hiyo ilinunua ardhi ya Temangalo kwa shilingi za Uganda zipatazo bilioni 11. Kamati ya Bunge ilichunguza bei hiyo na namna ununuzi ulivyofanyika, kwa kuwa mmoja wa waliohusika na ardhi hiyo alikuwa waziri. Hapo hakuna moshi wala msitu uliokatwa. Lakini uadilifu hauishii kwenye miti. Nani anauza, nani anaidhinisha, na kwa bei gani, hayo nayo ni maadili ya akiba.

Sasa tutazame mfano wa njia iliyo wazi zaidi. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi za Tanzania bilioni 53.12. Hatifungani ni hati ya mkopo: anayeinunua anamkopesha mwenye mradi, naye hulipwa riba mpaka siku ya kurudishiwa fedha yake. Hii ya Tanga ni ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Inaitwa ya kijani kwa sababu fedha imefungwa kwenye kazi iliyotajwa, yaani kupanua na kuboresha huduma ya maji, na mkopaji hana budi kutoa taarifa ya matumizi. Marejesho hutegemea mapato ya maji. Hapo mwekezaji anaona mambo matatu kwa pamoja: kazi, riba na taarifa. Likikosekana moja, jina la kijani lisimdanganye.

5. Turudi kwetu

Huku Gitega tunayo Mubuga. Kituo chake cha umeme wa jua, chenye uwezo wa megawati 7.5, kilizinduliwa Oktoba 2021, na umeme wake unauzwa kwa REGIDESO. Kilipoanza kiliongeza zaidi ya sehemu ya kumi ya uwezo wa nchi wa kuzalisha umeme. Hakichomi mazuti. Kilijengwa na kampuni ya Gigawatt Global, kwa mtaji wa nje, ukiwamo wa hazina ya uwekezaji ya Inspired Evolution na mpango wa REPP uliolipiwa na Serikali ya Uingereza. Hatuwalaumu waliokuja, maana taa zinawaka. Ila twauliza: jua ni letu na ardhi ni yetu, je, siku ya mradi mwingine wa namna hii akiba yetu haiwezi kuwa na fungu lake, hata dogo, iwapo hesabu inakubali?

Huku Muyinga tunayo maktaba iliyomalizika mwaka 2012, karibu na shule ya watoto viziwi. Kuta zake ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine, bila kuchomwa tanuruni, na mbao zake ni za mikaratusi. Hewa inapita yenyewe. Kila mtu wa Muyinga anajua tanuru la matofali linakula kuni kiasi gani. Jengo lile si la hazina ya pensheni, lakini ni ushahidi. Hazina inayopenda majengo yaweza kudai yajengwe kwa namna hii panapofaa, na mafundi wa hapahapa wapate kazi.

Upande wa Butihinda kuna dhahabu. Dhahabu ina faida ya haraka, na haraka hiyo ina gharama yake. Mashimo huachwa wazi na maji ya bonde huchafuka, na mara nyingine watoto huacha shule kwenda kuchekecha mchanga. Iwapo hazina au benki inayoshika amana zake inakopesha shughuli ya namna hiyo, tuulize masharti ni yapi: nani atafukia mashimo, nani anapima maji, na wachimbaji wana bima?

6. Tufanye nini?

Kwanza, tawi liandike barua kwa wajumbe wa wafanyakazi barazani, liombe taarifa fupi ya mwaka: fedha ziko wapi, zimezaa kiasi gani baada ya kuondoa kupanda kwa bei, na mradi upi umekwama. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, tuombe masharti machache yaandikwe. Fedha zetu zisiende kwa anayeajiri watoto, wala kwa anayekataza sendika. Zisiende pia kwa mwajiri anayekata michango ya wafanyakazi wake bila kuipeleka. Huyo wa mwisho tunamsahau mara nyingi, na ndiye mwizi wa pensheni aliye karibu nasi kuliko wote.

Tatu, tusidai kila kitu kwa siku moja. Fungu dogo katika umeme wa jua, maji au miti, lililochunguzwa vizuri, ni bora kuliko mradi mkubwa wenye jina zuri.

Nne, mjumbe aliyetumwa arudi kutueleza. Asiporudi, tumwite.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini tunasema pensheni ni ujira ulioahirishwa?

2. Hazina imezaa asilimia 12 na bei zimepanda asilimia 15. Mwanachama mwenye faranga 200,000 amepata au amepungukiwa? Fanyeni hesabu ubaoni.

3. Kati ya daraja la Kigamboni, nyumba za Dege na hatifungani ya Tanga, ni upi mngekubali uchukue akiba yenu? Toeni sababu mbili, moja ya fedha na moja ya mazingira.

4. Taja shughuli moja ya hapa Gitega au Muyinga ambayo ungependa akiba yako iisaidie, na moja ambayo ungeikataa hata kama faida yake ni kubwa.

5. Mjumbe wetu barazani ni nani, na mara ya mwisho alisema nasi lini?

Swali la tano lisirukwe. Kikundi kisichojua jibu lake kianze na hilo kabla ya mengine yote, na katibu wa tawi aliandike jina hilo ukutani.