Pumzi, Ubongo na Shinikizo la Damu: Jihadhari na Kifaa Kinachoahidi Kuchukua Nafasi ya Dawa

Tuchukue mfano. Mama mmoja anatembelea maonesho ya biashara wakati wa jua kali. Muuzaji anamwita na kumpima shinikizo la damu akiwa bado amesimama: 158/96. Kisha anamketisha kivulini, anamvika kifaa kifuani na kumwelekeza avute na kutoa pumzi polepole kwa dakika 10. Anampima tena: 144/89. “Umeona mwenyewe,” anamwambia. “Ukiwa na hiki, vidonge vya nini tena?”

Vipimo vyote viwili huenda ni vya kweli. Kosa limo katika hitimisho. Katika somo hili tunaeleza kwa nini.

Majirani ndani ya ubongo

Katika shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, yamo makundi ya seli yanayoongoza upumuaji. Mtu mzima aliyetulia hupumua takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika bila kukumbuka kufanya hivyo, hata awapo usingizini.

Karibu na seli hizo zimo nyingine zinazoamuru mishipa ya damu ibane au ilegee, na moyo upige kwa kasi au taratibu. Makundi haya hupashana habari. Ndiyo maana kwa watu wengi mapigo ya moyo huongezeka kidogo wanapovuta pumzi na kupungua wanapoitoa. Amri za kubana mishipa nazo hufuata mdundo wa pumzi. Mishipa ikibanwa kupita kiasi kwa muda mrefu, shinikizo hupanda.

Kwa nini kipimo cha pili kilishuka

Mama yule alipumzika, akaketi, akatoka juani. Hayo peke yake yaweza kushusha kipimo. Kupumua polepole, takriban mara 6 kwa dakika, nako hutuliza amri za kubana mishipa. Hata hivyo, nafuu ya dakika chache haiondoi visababishi vya ugonjwa, kama vile chumvi nyingi, uzito uliozidi, maradhi ya figo au urithi wa kifamilia.

Zoezi hili likifanywa kila siku kwa wiki kadhaa, laweza kuwasaidia baadhi ya watu kwa kiasi kidogo. Ni nyongeza ya matibabu, si mbadala wake. Tena halihitaji kifaa: saa ya ukutani na kiti vinatosha. Ukihisi kizunguzungu, acha na upumue kama kawaida.

Pumzi inapokatika usingizini

Uhusiano huu una upande wa hatari pia. Wapo watu ambao njia ya hewa kooni huziba mara kwa mara walalapo. Oksijeni inapopungua, vihisio vilivyo katika mishipa mikubwa ya shingo huupa ubongo taarifa, nao huamuru mishipa ya damu ibane. Hali hiyo ikijirudia usiku baada ya usiku, shinikizo huweza kubaki juu hata mchana. Kwa hiyo, ukiambiwa na unayelala naye kwamba unakoroma sana, kisha unanyamaza na kushtuka ukitafuta hewa, mweleze daktari, hasa ikiwa presha yako haishuki licha ya dawa.

Kabla ya kutoa fedha yako

1. Usiamini kipimo cha papo kwa papo. Kipimo sahihi huchukuliwa baada ya kuketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu iko sakafuni, na mkanda umefungwa juu ya kiwiko, usawa wa moyo. Epuka kahawa na sigara nusu saa kabla.
2. Kumbuka kuwa kipimo kimoja hakitoshi kuthibitisha ugonjwa. Kwa kawaida daktari huangalia kama shinikizo limefika 140/90 au zaidi katika siku tofauti.
3. Uliza kama kifaa tiba hicho kimesajiliwa na mamlaka husika, na kimeruhusiwa kwa matumizi gani.
4. Dai risiti na maelekezo ya matumizi katika lugha unayoielewa.
5. Anayekushauri uache dawa ili ununue bidhaa yake, mwache. Toa taarifa kwa mamlaka husika.

Shinikizo la juu la damu mara nyingi haliumi. Aliyeacha vidonge anaweza kujihisi mzima hadi siku anapopata kiharusi, au moyo na figo zinapoanza kushindwa kazi. Usipunguze wala kuacha dawa pasipo ushauri wa daktari wako.

Jipime

Ungekuwa wewe ndiye mama yule, ungemuuliza muuzaji maswali gani matatu kabla ya kufungua pochi?