Akiba ya Mifupa kwa Wanawake

Mifupa si vitu vikavu kama mawe. Ni vitu hai, ambavyo mwili huvijenga na kuvibomoa daima. Hadi umri wa miaka 30 hivi, kujenga huzidi kubomoa. Baadaye akiba hupungua polepole, na kwa mwanamke hupungua upesi zaidi hedhi ikomapo, kwa kuwa homoni iliyoilinda mifupa imepungua. Udhaifu huu hauumi. Mara nyingi hujulikana siku mama aangukapo na kuvunjika nyonga, na wengi hawatembei tena kama zamani.

Kwa hiyo yafaa akiba iwekwe mapema. Binti apewe maziwa, sukuma wiki, na omena waliwao pamoja na mifupa yao, maana vyakula hivi vina madini ya kalsiamu. Mwanamke mzima ahitaji miligramu 1,000 kila siku, na apitapo miaka 50, miligramu 1,200. Kikombe cha maziwa chatoa 300 hivi. Mwanga wa jua huupatia mwili vitamini D. Kutembea na kulima huimarisha mifupa. Tumbaku na pombe nyingi huidhoofisha. Naye mama mzee avunjikaye mkono kwa kuanguka kidogo tu asingoje kuvunjika mara ya pili, bali amwulize daktari juu ya mifupa yake, kwani dawa zipo.