UKURASA MWEPESI HUFIKA MAPEMA

Somo letu la leo linahusu uzito wa habari tunazosoma kwenye simu.

Sisi wakulima wa Nanganga, Masasi na Newala tunauza korosho kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mwaka 2007. Tangu msimu wa 2024 minada hufanyika kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Kwa hiyo bei ya mnada yaweza kufika kijijini siku hiyo hiyo. Lakini ukurasa wa intaneti ukiwa mzito, haufunguki. Bando linakwisha, bei hatujaiona. Hapo mtu wa kangomba anapita na bei yake ndogo, nasi hatuna la kumjibu.

Uzito unatoka wapi?

Simu hupima habari kwa baiti. Herufi moja ni baiti moja. Baiti 1,000 ni kilobaiti 1. Kilobaiti 1,000 ni megabaiti 1. Somo hili lote halifiki kilobaiti 3. Picha moja ya simu, isipopunguzwa, yaweza kuwa megabaiti 3. Yaani picha hiyo moja ina uzito wa masomo kama haya zaidi ya 1,000!

Tuseme mtandao ni dhaifu, unapitisha kilobaiti 12 tu kwa sekunde. Maneno ya somo hili yanafika mara moja. Picha ile itachukua kama dakika 4.

Tufanye nini?

Kama chama chetu cha msingi kina ukurasa, tumwambie kijana anayeutengeneza:

1. Bei aiandike kwa maneno na tarakimu. Asiweke picha ya karatasi ya tangazo.
2. Bei iwe juu kabisa.
3. Picha aipunguze kabla ya kuiweka. Isiyo na kazi aiondoe.
4. Video isijifungue yenyewe. Anayeitaka ataifungua.
5. Ukurasa aujaribu kwa simu ya bei nafuu hapa kijijini, si ofisini mjini tu.

Mama anayetoka kisimani habebi ndoo ya maji pamoja na mawe. Basi na ukurasa ubebe kile chenye kazi tu.

Maswali ya kujadili

1. Megabaiti 3 ni kilobaiti ngapi?
2. Kwa nini picha ya tangazo ni nzito kuliko maneno ya tangazo hilo hilo?
3. Katika ukurasa wa chama chenu, kitu gani kingeweza kuondolewa?