KIJANA, UMEJARIBU KUACHA SIGARA UKASHINDWA?



Karatasi hii umepewa mkononi kwenye mkutano wa Injili. Labda ulikuja kusikiliza muziki tu. Labda ulikuwa unapita na baiskeli yako hapa Binza, au umekaa juu ya pikipiki unasubiri abiria wa kwenda Bariadi. Labda hata sasa unaposoma, fegi inawaka katikati ya vidole vyako. Usiifiche. Hatukuja kukufukuza. Soma tu mpaka mwisho.

Tunakuuliza swali moja. Je, umewahi kusema, "Kuanzia leo sivuti tena," halafu ukavuta?

Uliapa Jumapili, Jumatano pakiti ikaisha. Uliapa usiku ule ulipokohoa mpaka mbavu zikauma. Uliapa mbele ya mama yako huku machozi yakimtoka. Na kila ulipoanguka, sauti ikakuambia: "Wewe umeshindikana. Ndivyo ulivyo." Ndugu yangu, sauti hiyo ni ya uongo! Na huo uongo ndio tunataka uvunjike leo kwa Jina la Yesu.

1. KWA NINI NI NGUMU HIVI?

Watu wasiovuta husema, "Si uache tu!" Wanasema hivyo kwa sababu hawajui. Ndani ya tumbaku kuna kitu kinaitwa nikotini. Ukivuta pafu moja, nikotini inafika kwenye ubongo kwa sekunde zipatazo 10 hadi 20. Hapo unajisikia umetulia. Kumbe hujatulia, umefungwa! Baada ya muda inapungua mwilini, nawe unaanza kudai tena. Mikono haina raha, hasira inapanda juu ya jambo dogo, usingizi unakimbia, kichwa kinauma. Vijana mnaiita arosto. Unawasha nyingine, unatulia kidogo. Basi unazunguka hapo hapo kama ng'ombe aliyefungwa kamba kwenye mti.

Tena wengi walifungwa kamba hiyo wakiwa watoto. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Lakini wewe ulianza ukiwa na umri gani? Je, mtoto wa miaka 13 alijua anatia saini mkataba wa namna gani?

Kwa hiyo kama umejaribu ukashindwa, usiseme wewe ni mjinga au huna akili. Sema ukweli: "Kuna kitu kina nguvu kuliko mimi." Mtume Paulo mwenyewe aliandika habari za mtu anayetenda lile analolichukia, na lile alitakalo halitendi (Soma Warumi 7:15-25). Ukifika hapo pa kukubali, umefika mlangoni. Wokovu haumsaidii anayejiona mzima.

2. USHUHUDA WANGU

Mimi ninayeandika haya nilivuta kwa miaka 11. Nilianza machungani. Tulikuwa tunasokota tumbaku kavu kwa karatasi ya daftari la shule, tunapokezana, huku ng'ombe wakiingia kwenye shamba la watu. Nilipokua nikawa kibarua wa kubeba pamba kwenye kinu. Ndani hakuna kuvuta, pamba itashika moto, kwa hiyo kila tukipumzika tulikwenda nyuma ya ukuta.

Siku moja nikaja kwenye mkutano kama huu. Nikaenda mbele, nikalia, nikatupa pakiti chini ya jukwaa. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Kwa kweli nilimpokea Yesu siku ile.

Siku ya tatu nikavuta. Nyuma ya ukuta ule ule.

Hapo ndipo shetani alinikamata sawasawa, na hakunikamata kwa ile sigara. Alinikamata kwa aibu! Nikasema, nitarudije kanisani na watu walinipigia makofi? Nikakaa miezi 4 bila kukanyaga. Katika miezi hiyo nilivuta mara mbili ya zamani.

Mama mmoja mzee wa kanisa akanikuta sokoni. Sikuwa na pa kujificha, na harufu ilikuwa inanitangaza. Akasema, "Mwanangu, mbona umepotea?" Nikamjibu, "Mama, mimi nimerudi kule kule." Akacheka kidogo, akasema, "Mtoto akianguka anapojifunza kutembea, huwa tunamwambia abaki chini? Jumapili njoo. Hata kama unanuka moshi, njoo. Utakaa na mimi."

Nikaenda, nikakaa naye. Baada ya hapo nilianguka mara mbili nyingine. Lakini safari hizo sikukimbia. Niliungama siku hiyo hiyo, nikaanza tena. Leo ni miaka mingi, sivuti, sitamani, na nina pumzi ya kuimba. Utukufu kwa Mungu!

3. MTU ALIYEAHIDI AKASHINDWA USIKU ULE ULE

Fungua Biblia yako, au azima ya jirani. Soma Luka 22:31-34, kisha Yohana 18:15-27, kisha Yohana 21:1-19.

Petro aliahidi mbele ya wenzake wote kwamba yuko tayari kufungwa na hata kufa pamoja na Yesu. Hakuwa anadanganya. Alimaanisha, kama wewe ulivyomaanisha. Usiku ule ule, kabla jogoo hajawika, alikuwa amesimama anaota moto wa makaa pamoja na watu wengine, na hapo akamkana Bwana wake mara 3. Akatoka nje akalia kwa uchungu.

Sasa angalia mambo matatu:

Kwanza, Yesu alijua mapema kwamba Petro ataanguka, na alikuwa ameshamwombea. Kuanguka kwako hakukumshtua Yesu. Alikujua kabla hujaja.

Pili, baada ya kufufuka, Yesu ndiye aliyemtafuta Petro. Petro alikuwa amekwenda kuvua samaki. Alipofika ufukweni alikuta nini? Moto wa makaa! Moto kama ule alioshindwa mbele yake. Lakini safari hii aliyeuwasha ni Bwana mwenyewe, na juu yake kuna samaki, na kuna mkate. Yesu hakumpiga. Alimlisha.

Tatu, Yesu hakumuuliza, "Utaahidi tena?" Alimuuliza kama anampenda. Alimuuliza mara 3, sawa na zile mara 3 alizomkana. Kisha akampa kazi.

Kijana, umeona? Wewe unafikiri lazima uache sigara kwanza ndipo uje kwa Yesu. Hapana! Unakuja kwa Yesu kwanza, na pakiti yako mfukoni, halafu Yeye anakupa nguvu ya kuitoa. Mgonjwa hangoji apone ndipo aende hospitali.

Wengine Bwana amewafungua siku moja, hamu ikakatika kabisa. Tumewaona, tunamshukuru Mungu. Wengine amewatembeza hatua kwa hatua. Wote ni kazi ya mkono wake. Usimhukumu mwenzako, wala usijihukumu wewe.

4. MWILI WAKO UNA THAMANI

Biblia inafundisha kwamba mwili wa mwamini ni nyumba ya Roho Mtakatifu, nao umenunuliwa kwa gharama (1 Wakorintho 6:19-20). Tumbaku inafanya nini ndani ya nyumba hiyo? Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka duniani, na wamo ambao hawakuvuta wenyewe, walivuta moshi wa wenzao. Inaleta saratani ya mapafu, ya mdomo na ya koo, inaharibu moyo, na inaongeza hatari ya kupata kifua kikuu. Kama umekohoa kwa wiki 2 au zaidi, usingoje. Nenda zahanati upimwe. Hapa nchini vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Lakini sikia na habari njema. Dakika 20 tu baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo yanaanza kushuka. Baada ya saa 12, ile hewa ya sumu ya moshi iliyoingia kwenye damu inarudi kiwango cha kawaida. Kati ya mwezi 1 na miezi 9, kikohozi na kukosa pumzi vinapungua. Ukimaliza mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo inakuwa karibu nusu ya ile ya mtu anayeendelea kuvuta. Ona Mungu alivyouumba mwili: ukiacha kuupiga, unaanza kupona saa hiyo hiyo!

Piga na hesabu hii. Sigara 10 kwa siku ni sigara 3,650 kwa mwaka, yaani zaidi ya pakiti 180. Zidisha kwa bei unayonunulia. Halafu nenda mnadani uulize mbuzi ni bei gani. Sisi huku ni watu wa pamba. Baba anapalilia juani, anachuma, anabeba mpaka kwenye mizani. Je, jasho lile ni la kuchomwa kwa kiberiti?

5. UFANYE NINI? HATUA SABA

1) Panga siku. Usiseme "siku moja." Taja siku yenyewe, iwe ndani ya wiki hii. Iombee.

2) Tupa zote. Usiweke moja ya akiba kwenye tundu la ukuta. Tupa na kiberiti cha mfukoni. Wala usihamie kwenye ugoro. Ugoro nao ni tumbaku, na kamba ni ile ile.

3) Zijue saa zako mbaya. Ni baada ya kula? Ni ukiwa kijiweni? Ni ukinywa pombe? Wengi huanguka kwenye pombe. Kwa wiki za kwanza kaa mbali na mahali hapo. Si kwamba unawachukia rafiki zako, ila kidonda kibichi hakipelekwi penye vumbi.

4) Shinda dakika tano. Hamu ikija inakuja kwa nguvu kama mvua ya upepo, lakini kwa kawaida hupita baada ya dakika chache. Usipigane na mwaka mzima, pigana na dakika tano. Kunywa maji polepole. Tembea. Tafuna muwa au karanga. Omba kwa sauti, "Yesu, nisaidie sasa!" Siku za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote. Baada ya wiki chache arosto inalegea.

5) Mwambie mtu mmoja. Biblia inatuagiza kuungamiana na kuombeana (Yakobo 5:16). Tafuta ndugu aliyeokoka, umwambie, "Nikikupigia simu usiku, ujue ni sigara." Dhambi hupenda giza.

6) Usiogope kumwona daktari au mganga wa zahanati. Mweleze unataka kuacha. Kuna ushauri, na mahali pengine zipo dawa za kusaidia. Kutumia dawa si kukosa imani. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14).

7) Ukianguka, inuka saa hiyo hiyo. Kuvuta moja hakukulazimishi kununua pakiti. Shetani atasema, "Umeshaharibu, malizia." Mkatalie! Mithali 24:16 inasema habari za mwenye haki anayeanguka mara 7 na kuinuka. Hesabu kuinuka kwako.

6. NJOO LEO

Unaijua koroboi mafuta yanapokaribia kwisha? Mwanga hakuna, ni moshi tu, unaumiza macho. Mtu mwenye haraka anaipuliza izime. Nabii Isaya alitabiri kwamba Mtumishi wa Mungu hatafanya hivyo. Utambi wa namna hiyo hatauzima (Isaya 42:3). Na Mathayo anatuambia Mtumishi huyo ni Yesu. Ndugu yangu, hata kama maisha yako leo ni moshi mtupu, Yeye hatakupuliza uzime. Atatia mafuta mapya.

Kuacha sigara peke yake hakutakupeleka mbinguni. Wapo wengi wasiovuta na hawamjui Mungu. Unamhitaji Yesu aliyekufa msalabani kwa ajili ya dhambi zako zote na akafufuka. Mwana wa Mungu akikuweka huru, huo ndio uhuru wenyewe (Yohana 8:36).

Kama uko tayari, omba sala hii kwa moyo wako wote, hapo hapo ulipo:

"Bwana Yesu, nimekuja kama nilivyo. Mimi ni mwenye dhambi. Nimejaribu kwa nguvu zangu, nimeshindwa. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe. Ingia moyoni mwangu, uwe Bwana wangu. Ifungue kamba ya sigara na kila kamba iliyonifunga. Nikianguka, nishike mkono niinuke. Nijaze Roho wako Mtakatifu. Asante kwa kunipokea. Amina."

Umeomba? Basi umepokelewa! Usikae peke yako. Leo jioni njoo mbele tukuombee, na Jumapili nenda kwenye kanisa la wokovu lililo karibu nawe. Na ukivuta kesho, Jumapili njoo vilevile. Kiti chako kipo.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Petro alianguka akiwa wapi, na pamoja na nani? Wewe huangukia wapi, na pamoja na nani?
2. Nani alimtafuta mwenzake kwanza, Petro au Yesu?
3. Ni nani utakayemwambia leo kwamba unaacha?

Ukimaliza kusoma usiitupe karatasi hii, wala usisokotee tumbaku! Mpe mwenzako wa kijiweni.

MUNGU AKUBARIKI.